Msaidizi Asiyesogea

Jumamosi ile lifti ya jengo la maduka ilichagua kukwama wakati ambao kila mtu alikuwa na haraka zake. Chini kulikuwa na foleni ya watu na mifuko yao, mama mmoja aliyenunua kabati asilojua atalipandishaje, wapambe wa bibi harusi walioshika magauni juu juu yasiguse sakafu, na askari wa jengo aliyekuwa akibonyeza kitufe kilekile bila kuchoka, kana kwamba lifti ni mtoto mkaidi ambaye ataitika akiitwa sana.

Fundi alifika mbio, kama kawaida yake. Alikuwa dada mrefu, ovaroli ya bluu imefungwa mikono kiunoni, fulana nyeupe yenye doa la grisi begani, kitambaa chekundu kichwani. Kazini walimwita Ngazi, kwa sababu fundi huyu wa lifti hakuna aliyewahi kumwona akipanda lifti. Alisema kusimama ndani ya sanduku ukingoja kufikishwa ni kazi ya mizigo. Akapanda ngazi mbili mbili hadi ghorofa ya pili, akatia ufunguo wake, akaipanua milango. Sakafu ya lifti ilikuwa imesimama usawa wa kifua chake. Alitegemea kukuta watu wanalia au wanatukana. Alikuta mwanamume mmoja amekaa chini, miguu ameikunja, shati lake limepigwa pasi likanyooka, na mbele yake kuna ubao na vijitu vidogo vya rangi ya waridi amevipanga kama jeshi.

"Dada, samahani, usiweke mkono hapo," yule mwanamume alisema. "Utamwangusha malkia."

"Umekwama humu tangu saa ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa zamu ya tatu ya mchezo."

Ngazi alikuwa amejiandaa kumgombeza kwa kutobonyeza kengele. Badala yake alijikuta anacheka, na kicheko kilipomtoka akaudhika nacho, maana alikuwa na lifti nyingine mbili zinamngoja upande wa pili wa mji. Alimsaidia kushuka, yeye kwanza, kisha malkia, kisha jeshi. Alipouliza kwa nini askari wote wana rangi ya ufizi, akajibiwa kwamba ni ufizi kweli. Yule bwana alikuwa fundi wa meno ya bandia, na masalio ya kazi yake huyachonga yakawa vijitu.

"Yaani hawa wote wametoka vinywani mwa watu?"

"Walikuwa waingie. Hawakutosha."

Lifti nyingine mbili zilingoja siku hiyo. Ngazi alimbebea fundi wa meno sanduku lake hadi ghorofa ya juu kabisa, kwa ngazi, huku yule bwana akihema nyuma na viatu vyake vinavyong'aa. Huko juu kulikuwa na duka la michezo ya mezani la mstaafu mmoja aliyekuwa mwamuzi wa mpira, na ambaye mpaka leo watu wanamwita Mwamuzi na anawajibu kana kwamba ana filimbi mfukoni. Nyuma ya duka palikuwa na meza ndefu, na kwenye meza hiyo kila Jumamosi watu wazima wenye akili zao walikutana kucheza Ulingo.

Ulingo ni mchezo wa kupigana unaokusanya wapiganaji kutoka hadithi ambazo hazijuani. Shujaa wa farasi anatwangana na mchawi wa msituni, haramia anakimbizwa na maiti aliyefufuka, na hakuna anayeuliza wamekutana wapi. Kila mpiganaji ana kadi zake, uhai wake wa kuhesabu, na wengine wana msaidizi wa kusimama naye. Kampuni inayoutengeneza hutoa sanduku la nyongeza mara chache, lenye wapiganaji wapya. Kwa meza ya Mwamuzi mara chache haikutosha. Basi walijiwekea desturi yao: kabla ya kucheza, kila mmoja anasema anamtamani nani kwenye nyongeza ijayo, na aliyetamani ndiye atakayemtengeneza, sanamu, kadi na sheria zake. Kisha Mwamuzi anateua mjaribu. Kazi ya mjaribu ni kumvunja mpiganaji mpya kwa kila hila anayoijua, kwa sababu asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mjaribu hana huruma, na mjaribu hachukiwi. Hiyo ndiyo ilikuwa katiba yao nzima.

Siku hiyo muuza manukato alitamani papa anayetembea nchi kavu. Dada wawili pacha wanaofanya kazi benki walimtamani marehemu bibi yao, wakabishana kama fimbo yake ihesabiwe silaha. Fundi wa meno, ambaye mezani pale walimwita Meno tu, alimtamani mlinzi wa lango.

"Kila hadithi ina lango," alieleza, taratibu, kama mtu anayepaka nta, "na kila lango lina mtu. Shujaa akifika, huyo ndiye anayechomwa mkuki wa kwanza, na hakuna anayeuliza alikuwa na mke au hakuwa naye. Natamani sanduku zima la watu hao. Mlinzi wa lango, mpishi wa jeshi, mshona bendera."

Wakamgeukia mgeni. Ngazi hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anapokezana miguu. "Mimi namtamani mtu anayepita ukutani," alisema. "Nimechoka kuzunguka."

Meno alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wale pacha wakakanyagana chini ya meza.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla msimu haujabadilika, jengo zima lilijua kwamba lifti ya pale inakaguliwa kuliko lifti yoyote mjini, tena na fundi aliyevaa siku hizi gauni la njano chini ya ovaroli na hereni zilizochungulia kwenye kitambaa. Mchana walipigiana simu. Yeye akiwa juu ya paa la lifti, gizani, tochi kipajini. Meno akiwa kwenye karakana yake, simu ameibana begani, mikono imejaa plasta.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula nikishuka."

"Utashuka lini?"

"Nikimaliza. Usianze kuwa mama yangu."

Mama yake alipiga simu kila Ijumaa na kila Ijumaa aliuliza neno moja: umetulia? Kaka yake alimwita mwanamke wa miguu. Mchumba aliyekuwa naye zamani alirudisha pete akisema alitafuta mke, si upepo, na Ngazi alicheka mbele yake kisha akalia kwenye ngazi za jengo la watu. Kwa hiyo aliposikia mtu anamwambia tulia, hata kwa upendo, masikio yake yalichemka. Meno hakuwahi kumwambia hivyo, na hilo ndilo lililomfunga kwake. Alipokwenda na kurudi karakanani asijue aweke wapi mikono, Meno alisogeza tu vitu vya kuvunjika, akaendelea na kazi.

Ndipo bosi wa Ngazi akamwita ofisini. Kulikuwa na hospitali mpya inayojengwa katika mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Lifti za wagonjwa, lifti za vitanda, lifti za dawa, zote zifungwe na zisimamiwe na fundi mmoja kwa miaka miwili. Wewe, bosi alisema, na akampa mwezi wa kufikiri. Ngazi aliitaka kazi ile mpaka meno yakamuuma. Pia alimtaka mtu wa meno. Roho yake ikawa juu juu. Kila Jumamosi alipanda ngazi ameazimia kumwambia Meno, na kila Jumamosi alishuka hajasema. Alijiambia atamwambia wiki ijayo, kana kwamba wiki ijayo ni mtu mwenye ujasiri kumzidi.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Meno alileta mpiganaji mpya mezani. Safari hii hakuwa wa rangi ya ufizi. Alikuwa amechanganya rangi, akamchonga mwanamke mrefu mwenye nguo ya bluu na kitambaa chekundu kichwani, mguu mmoja umenyanyuka, hajulikani anakwenda au anafika. Watu wote mezani walijua ni nani kabla ya mwenyewe kujua.

"Mpita Kuta," Meno alimtambulisha, na masikio yake yalikuwa mekundu. "Na msaidizi wake."

Msaidizi alikuwa mlinzi wa lango, mdogo, waridi, amesimama wima. Mwamuzi alisafisha koo, akatazama huku na huku kama anatafuta wa kumpa kadi nyekundu, akamteua Ngazi awe mjaribu. Pengine alidhani anawasaidia.

Ngazi akasoma sheria. Mpita Kuta anapita popote, ila kila ukuta unampunguzia uhai. Akimaliza zamu mahali pale pale alipoianzia, anapungua uhai. Akifika kando ya Mlinzi, uhai wake unajaa. Mlinzi hasogei. Alisoma mara moja, kisha mara ya pili, na damu ikampanda usoni. Yaani hivi ndivyo anavyoonekana. Mgonjwa wa kutotulia, ambaye dawa yake ni kurudi kwa bwana. Ilikuwa ile sauti ya Ijumaa, sasa imeandikwa kwenye kadi na kuchongwa, tena imemwagwa hadharani kama mtama kwenye kuku wengi.

Mwamuzi alimchezesha Zimwi, mpiganaji wa zamani wa meza ile, na Ngazi akamchezesha Mpita Kuta. Ngazi alizipekua kadi za Mpita Kuta, akaikuta moja iitwayo Kilio: msaidizi akifa, kila pigo linahesabiwa mara mbili. Meno alikuwa ameiweka kwa ajili ya msiba, kwa mpiganaji aliyefiwa. Hakuwahi kufikiria kuna mtu atauandaa msiba mwenyewe. Zamu ya kwanza Ngazi alimleta Zimwi hadi langoni, akaondoka, akamwacha Mlinzi aliwe. Kisha akaiweka Kilio mezani, akageuka nyuma, akapita ukuta mmoja na wa pili, akampiga Zimwi pigo juu ya pigo mpaka akalala. Mchezo ulikwisha kabla chai haijapoa. Muuza manukato alipiga meza kwa furaha.

"Mjaribu, taja kasoro," Mwamuzi alisema, kwa sababu ndiyo desturi.

"Msaidizi anamchelewesha," Ngazi alisema. "Bora asiwepo."

Hakuna aliyepiga meza tena. Meno alimwokota Mlinzi kutoka kwenye rundo la waliokufa, akamfunga ndani ya leso, akasema ahsante mjaribu, kwa adabu kamili, maana mjaribu hachukiwi. Akashuka kwa lifti. Ngazi angeweza kumtangulia chini kwa miguu, njia hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Kiburi kikamshika gauni, akabaki amesimama.

Simu ya mchana haikulia siku iliyofuata, wala iliyofuata baada ya hiyo. Ngazi aliiweka simu kwenye mfuko wa kifua ili aisikie, akaihamishia wa nyuma ili asiingoje, akairudisha kifuani. Alimwambia bosi wake ndiyo. Alidhani akishasema ndiyo atapumua, lakini hakupumua. Alianza kufungasha akiwa amesimama, akiweka nguo kwenye begi na kuzitoa, akifungua dirisha na kulifunga. Mama yake alipopiga Ijumaa, alimjibu kwamba hajatulia na hatatulia, kisha akaomba radhi, na mama yake kwa mara ya kwanza akauliza swali jingine: ni nani huyo aliyemuumiza.

Ni Mwamuzi aliyekivunja kimya hicho. Alipiga kumwambia kwamba Mpita Kuta yuko bado kwenye meza na hakuna anayethubutu kumgusa, watu wanacheza kumzunguka kama kaburi, na yeye ana biashara ya kuendesha. Aje amchukue. Na Meno je, Ngazi aliuliza, kwa sauti aliyoifanya iwe nyepesi. Meno haji, Mwamuzi alisema. Alipita asubuhi akamwacha Mlinzi juu ya kaunta bila neno.

Ngazi akawachukua wote wawili, akaazima na ubao na Zimwi. Mchana ule, katikati ya mabegi yaliyofungwa nusu, alitandika ubao juu ya kitanda na kucheza pande zote mbili mwenyewe. Safari hii hakutafuta ushindi wa haraka. Alimweka Zimwi kule mwisho kabisa, pembe ya mbali, na akamtuma Mpita Kuta peke yake. Alikufa njiani. Akamtuma tena, akafa tena, karibu zaidi kidogo. Kilio ilikuwa na nguvu ikiwa adui yuko mlangoni tu. Kisha akamrudisha Mlinzi mahali pake, akacheza. Mpita Kuta akatumia uhai wote kuvuka ubao, kuta zote, hadi pembe ambayo hakuna mpiganaji mwingine wa Ulingo angeifikia, akampiga Zimwi, akarudi akiwa hoi, akajaa, akaenda tena. Aliweza kwenda mbali namna ile kwa sababu kuna mahali pa kujaa. Ngazi alikaa kitako juu ya nguo zake. Zile sheria hazikumwambia rudi. Zilimwambia nenda. Alikuwa amesoma kadi ya mtu mwingine kwa macho ya mama yake.

Lakini alikuwa mjaribu mzuri, na mjaribu haishii hapo. Aliutazama ubao tena, akaona kasoro nyingine, kubwa kuliko ile aliyoitaja mbele za watu. Akavaa viatu.

Karakana ya meno ilikuwa chumba kirefu chenye vumbi jeupe, rafu za taya zinazocheka bila vinywa, na kigoda cha baba yake Meno kando ya dirisha. Mzee alistaafu, lakini kila asubuhi alikuja kukalia kigoda kile na kulaumu. Mchana hakuwepo. Meno alikuwa na koti jeupe lenye madoa, mikono yote miwili imeishikilia kalibu ya kinywa iliyojazwa plasta mbichi. Fundi wa meno akishika kalibu namna hiyo haachii mpaka igande, hata akiingiliwa na moto.

"Umekuja kuaga," alisema.

"Nani kakwambia ninaondoka?"

"Bosi wako. Alikupigia simu siku ile ulipokuwa unanawa mikono hapa. Nikadhani umeniambia niipokee."

Ngazi akahesabu nyuma, akaona ni kabla ya sanamu, kabla ya kadi, kabla ya yote. "Ulijua mwezi mzima. Mbona hukusema?"

"Nilingoja uniambie mwenyewe. Mimi ni mtu wa kungoja. Ulipochelewa, nikasema nitakuambia mimi kwanza, kwa njia ninayoiweza. Nenda, na ukirudi nipo."

"Na mimi nikasoma rudi, usiende." Alifuta macho kwa kiganja, grisi ikabaki shavuni. "Nisamehe, mpenzi. Nilikuua mbele za watu."

"Ndiyo kazi ya mjaribu."

"Haikuwa kazi. Ilikuwa hasira."

Meno akatikisa kichwa, polepole, na uso wake ukalegea. Angekuja kumshika, lakini kulikuwa na kalibu. Ngazi alikwenda hadi dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Nimecheza upya," alisema. "Kasoro ya kweli nimeipata leo. Mlinzi hasogei."

"Walinzi wa lango hawasogei, Ngazi. Akisogea, nani atalinda lango?"

"Lango lipi? Ulisema unatamani sanduku la watu waliosahauliwa. Halafu wa kwanza kumsahau ni wewe. Umempa sheria moja, asimame. Hukumpa hata kadi moja yake. Unalinda nini hapa, mpenzi wangu? Haya magego?"

Meno alizitazama rafu, kisha kigoda. Alisema amezaliwa nyuma ya chumba hiki. Hajui kama kule watu watamwamini mgeni vinywani mwao. Baba yake anazeeka. Na zaidi ya hayo yote, alisema kwa sauti ndogo, hakuna aliyewahi kumwomba aende popote.

"Mimi nakuomba," Ngazi alisema. "Sijaja kukubeba kama mzigo wa lifti. Nimekuja kukuuliza. Utanioa, halafu twende? Au twende, halafu utanioa? Chagua, vyote vinanifaa."

Plasta ilikuwa bado mbichi. Meno aliitazama kalibu mikononi mwake kama mtu anayejaribu kukumbuka ni ya nani, akaiachia. Ikaanguka ubavu mezani, kinywa cha mzee wa watu kikamwagika chote. Katika miaka yote ya ufundi hakuwahi kuharibu kazi kwa makusudi. Alimfuata Ngazi dirishani, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, akamkumbatia, akaacha alama mbili za viganja mgongoni mwa lile gauni la njano.

"Nitakuoa kwanza," alimwambia sikioni. "Halafu twende. Ila nina vinywa tisa nimeviahidi meno. Siwezi kuwaacha watu na ufizi."

"Jumatatu mimi naondoka."

"Basi twende kwa baba sasa hivi. Ukitangulia, nitakufuata vinywa vikiisha."

Walikwenda vile vile walivyo, yeye na koti la kazi, Ngazi na grisi shavuni. Mzee alikuwa barazani kwake, redio mapajani. Alisikiliza yote bila kuizima. Aliuliza mji uko wapi, akaambiwa. Aliuliza nani atamkazia meno yake yakilegea, na kabla hajajibiwa aligeuza uso upande mwingine, kwa sababu swali lile halikuwa la meno. Meno akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti, akamwambia atakuja. Mzee akasema anajua atakuja.

Kisha akamwita mkwe wake mtarajiwa karibu, akamtazama kuanzia kitambaa hadi viatu.

"Binti," alisema, "huyu mwanangu nakukabidhi, lakini mwendo wake ni wa kobe. Ana vinywa tisa hapa, na kila kinywa atakiangalia mara mbili. Wewe nasikia husimami. Utatangulia, halafu utachoka kutazama nyuma."

"Nitamngoja, baba," alisema Ngazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshtuka kulisikia neno hilo kinywani mwake.